Maiki kulia mluzi bendi ikiwa jukwaani: kabla hujagusa ikwalaiza, sogeza vitu kwanza (uzi mrefu)

#1 – Mleta mada

Habari zenu wakuu. Hii mada nimekua nikiijibu vipande vipande kwenye nyuzi za watu, leo nimeona niiweke yote sehemu moja mana kila mara kuna mtu anauliza anunue mashine gani ili maiki zisilie na majibu anayopewa karibu yote ni ya ikwalaiza (ile mashine ya kupandisha na kushusha sauti nzito na kali). Mi nasema hivi na nitalitetea humu: ikwalaiza ndo kitu cha mwisho kugusa. Mluzi unazaliwa jukwaani, maiki imeelekea wapi, spika iko wapi, mdomo wa mwimbaji uko umbali gani, na huko huko ndo uende ukaumalize.

Nianze na kisa. Kuna shoo nilikua nimeshika mitambo, ukumbi wa dari fupi, waimbaji wanne, na kila mmoja ananionesha kidole juu kwamba hajisikii. Nikapandisha monita (zile spika za jukwaani zinazomtazama mwimbaji ili ajisikie), ikalia. Nikashusha 2.5k (yani masafa ya 2,500 Hz, mitetemo 2,500 kwa sekunde), ikatulia, nikapandisha tena, ikalia kwa chini kidogo, nikashusha 1k, nikapandisha, ikalia tena. Kufika wimbo wa tatu grafiki ikwalaiza (ile ya vitelezi vingi, kila kimoja na masafa yake) imekua kama meno ya msumeno na sauti ya yule dada inatoka kama anaimbia ndani ya ndoo, na bado hajisikii, na bado inalia. Mapumziko akaja fundi mmoja mtu mzima alikua amekaa na watazamaji. Hakugusa miksa kabisa. Alipanda jukwaani akazungusha monita, akashusha stendi mbili, akatuambia tusogeze spika kubwa mbele kama hatua mbili, afu akaniambia rudisha ikwalaiza yote katikati. Nikarudisha huku moyo unadunda. Tukapata sauti kubwa kuliko mwanzo na kimya. Tangu siku hiyo namna yangu ya kufunga mitambo ilibadilika.

Sasa kwanini inalia. Sauti inaingia kwenye maiki, inapita miksa, inapita ampu, inatoka kwenye spika, inasafiri hewani na sehemu yake inarudi kwenye maiki ile ile. Ikirudi ikiwa ndogo kuliko ilivyotoka, kila mzunguko inapungua mpaka inakufa na wewe husikii kitu. Ikirudi na nguvu ile ile au zaidi, na mawimbi yake yakapanda na kushuka pamoja na yale yaliyotangulia, inajijenga juu ya yenyewe na kufumba na kufumbua watu wote wameziba masikio. Mwanafizikia wa Denmark aitwaye Søren Larsen ndo jina lake limebaki kwenye jambo hili, mpaka leo Wafaransa mluzi huu wanauita larsen tu.

Chukua mfano spika iko mita 3.4 kutoka kwenye maiki. Sauti inakwenda kama mita 343 kwa sekunde, kwahiyo inatumia milisekunde 10 kufika. Kwa njia hiyo moja, masafa yanayoweza kuoana na mzunguko yamepangana kila baada ya 100 Hz hivi, kutoka chini mpaka juu kabisa. Wote hao ni wagombea, na atakayelia ni yule ambaye maiki, spika na ukumbi kwa pamoja vinampendelea. Ndo mana mwimbaji akisogea kidogo mluzi unabadilika sauti. Wimbi la 2 kHz lina urefu wa sentimita 17 tu, sogeza maiki sentimita 8 na hesabu yote imegeuka. Unayemfukuza kwa ikwalaiza wimbo huu, wimbo ujao kashahama.

Cha kwanza kabisa basi ni mdomo. Kila ukipunguza nusu ya umbali kati ya mdomo na maiki unapata kama desibeli 6 zaidi za sauti ya mtu bila kugusa kitu chochote. Mtu aliyekua sentimita 20 akaja 10, desibeli 6. Akaja 5, desibeli 12. Hizo 12 hakuna mashine itakupa zikiwa safi namna hiyo, mana sauti yake imepanda na geini yako (kiwango miksa inachokuza sauti ya maiki) unaishusha, spika inayoingia kwenye maiki inabaki chini. Ukishasogea hivyo besi ya sauti inavimba, hiyo unaikata kwa filta ya kukata chini, weka 100 Hz mpaka 120 hivi kwa waimbaji, kule chini hakuna kitu cha mwimbaji unachokihitaji ila kuna mngurumo wa jukwaa na besi gita inayotafuta njia ya kuingia.

Cha pili spika kubwa. Ziwe mbele ya mstari wa maiki, zisiwe nyuma wala sambamba. Nimeshaona watu wameziegesha kwenye pembe za ukuta nyuma ya bendi kwasababu waya ni fupi, hapo unapigana na maiki zote kwa wakati mmoja na pembe yenyewe inakuongezea besi ambayo hukuiomba. Tafuteni waya ndefu wakuu.

Cha tatu ni maiki na monita, na hapa ndo watu wengi wanapotea kwahiyo nitakaa kidogo. Maiki nyingi za kuimbia zinasikia zaidi mbele kuliko nyuma, ila hazifanani. Kadioidi, kama Shure SM58 ambayo ipo sokoni tangu 1966, sehemu yake ya uziwi iko nyuma kabisa, nyuzi 180, yani pale waya unapotokea. Supakadioidi, kama Beta 58A ya hao hao, inabana zaidi mbele lakini nyuma kabisa inasikia kidogo, uziwi wake uko pembeni kwa nyuma kama nyuzi 126 kila upande. Kwahiyo maiki ya kwanza monita inakaa mbele ya mwimbaji moja kwa moja ikimtazama usoni, mkia wa maiki unaitazama monita. Ya pili monita inatakiwa ikae kushoto au kulia kwa mbele. Ukibadilisha maiki bila kubadilisha sehemu ya monita, umenunua maiki nzuri ukaiwekea spika sikioni.

Nitaendelea na namna ya kutafuta masafa, ngoja nipumzike mkono. Maswali ruksa.

#2

Mkuu ubarikiwe kwa uzi. Sisi bendi yetu waimbaji watatu wote SM58, kila mmoja tumemuwekea monita mbili, kushoto na kulia, tuliona bendi kubwa wanaweka hivo kwenye video. Zinalia vibaya sana hasa ya katikati. Fundi wetu anasema tatizo maiki ni za kawaida tununue nyingine. Je tununue?

#3 – Mleta mada

Msinunue kwanza mkuu. Mlichokiona kwenye video kuna uwezekano mkubwa ni watu wenye supakadioidi, kwao monita mbili pembeni ndo sehemu yake. Nyie mmechukua mpangilio wa maiki nyingine. Fanyeni hivi, toeni monita moja kila mtu, inayobaki iwekeni mbele yake katikati, isiwe mbali, mita moja na nusu hivi inatosha, afu ielekezeni masikioni. Chuchumaa nyuma ya monita utazame inakolenga, ukiona inalenga magoti au mkanda wa suruali basi mwimbaji hatajisikia hata ukiipa ampu mbili, magoti hayana masikio. Inue kwa kuwekea kipande cha mbao mpaka imtazame usoni.

Na stendi. Maiki ikilala kabisa sambamba na sakafu, mkia wake unatazama watu na monita iliyoko chini inakua upande wa pembeni ambako kadioidi bado inasikia vizuri tu. Inamisheni mkia ushuke kuelekea monita. Mkibadilisha hivyo viwili tu rudini mtuambie.

#4

Mimi ntatofautiana na mleta mada kidogo. Hayo ya kusogeza ni mazuri ukiwa na nafasi. Jukwaa nyingine ni za hatua nne kwa tatu, bendi ya watu tisa, unasogeza kwenda wapi? Mimi nina mashine ya kuua fidibaki (huo mluzi), inatafuta yenyewe mluzi inabana, kwisha kazi. Teknolojia ipo kwanini tuteseke

#5 – Mleta mada

Mkuu hoja ya nafasi naikubali na sijasema mashine ni mbaya, ninazo na nazitumia. Ila tuelewane inafanya nini. Inasikiliza, ikiona sauti moja imesimama na kukua inaweka filta nyembamba pale pale. Ina idadi maalum ya filta, zikiisha zimeisha, na kila moja inakula kipande cha sauti ya mtu. Ukiiwasha jukwaa likiwa limepangwa vibaya itatumia filta zote ndani ya nusu saa na wewe utakua hujui kwanini sauti imekauka. Afu shida ya pili, haijui tofauti kati ya mluzi na mpiga gita aliyeshikilia noti ndefu au mpiga filimbi, kuna wakati inabana muziki wenyewe. Ukishapanga jukwaa, ukapiga ikwalaiza kidogo kwa mkono, afu ukaiacha hiyo mashine na filta chache ikulinde na ajali, hapo inakua rafiki wa kweli.

Kuna njia nyingine ya zamani, mwanafizikia Manfred Schroeder miaka ya 1960 alipendekeza kusogeza masafa yote juu kwa Hz chache, kama 5, ili sauti ikizunguka isikutane na mwenzake pale pale. Kwa mtu anayehutubia inasaidia na haisikiki sana. Kwa bendi mi siiwezi, sauti ya mwimbaji inayotoka kwenye spika na ile inayotoka mdomoni mwake zinapishana na kinanda kinakua kama hakijatuniwa.

Kwa jukwaa dogo la watu tisa, punguza monita. Waimbaji wawili wasimame karibu wagawane monita moja. Kila monita unayoitoa ni mzunguko mmoja umeufuta. Na maiki vilevile, kila ukizidisha mara mbili idadi ya maiki zilizo wazi unapoteza kama desibeli 3 za nafasi kabla ya mluzi. Maiki moja kwenda mbili desibeli 3, nne desibeli 6, nane desibeli 9. Mwimbaji wa kuitikia ambaye haimbi ubeti mzima, maiki yake inafanya nini wazi? Zima. Kaa na orodha ya nyimbo mkononi na vidole kwenye vizimio, hiyo ndo kazi yetu.

#6

Nyie mafundi mnatuongelea sana waimbaji ila hamtuulizi. Mimi ni mwimbaji, tunaposhika maiki kwa kukumbatia kile kichwa sio mapozi kama mnavyodhani, ni kwamba hatujisikii, ukiikumbatia kuna kitu kinaongezeka unajisikia karibu. Mkinipa monita nzuri mkono wangu unashuka wenyewe.

#7 – Mleta mada

Dada au kaka, asante sana kwa hili, natamani kila fundi alisome. Na unachokisikia kipo kweli. Nyuma ya ule wavu kuna matundu, ndo yanayoifanya maiki isisikie nyuma, sauti inaingia kwa mbele na kwa matundu afu vinafutana. Ukifunika kwa kiganja matundu yameziba, maiki inaanza kusikia pande zote, afu lile pango dogo la kiganja linapandisha masafa ya kati ndo unajisikia karibu. Monita iliyokua kwenye uziwi sasa inasikika yote, na mluzi unakuja papo hapo. Sasa fundi akiona hivyo anashusha monita, we unajisikia kidogo zaidi, unakumbatia zaidi. Mnabaki mnakimbizana mpaka shoo inaisha mmenuniana.

Ninachofanya siku hizi, kabla ya saundi cheki nakaa na mwimbaji dakika tano, namuuliza anataka kusikia nini kwenye monita yake. Mara nyingi jibu ni sauti yake na kinanda kidogo basi. Unakuta fundi kamuwekea bendi nzima humo, dramu, besi, gita, anashindana na vitu ambavyo tayari anavisikia nyuma ya mgongo wake. Vitoe, sauti yake inapata nafasi bila kupandisha. Na nyie waimbaji mtusaidie, shikeni mpini, na mkiwa hamuimbi msiishushe maiki mkononi ikatazama monita, pale ubavuni mwa mguu ndo sehemu mbaya kuliko zote. Kofia yenye ukingo mpana pia inarudisha sauti ya monita kwenye maiki, kuna siku nimehangaika nusu saa kumbe kofia.

#8

Endelea na kutafuta masafa mkuu, tumekaa mkao hapa

#9 – Mleta mada

Sawa. Hii ifanyike ukumbi ukiwa tupu, bendi imeshapanga vyombo, na wote walioko karibu na spika uwaambie wakae mbali, masikio hayapandwi upya.

Kwanza geini. Mwimbaji aimbe kwa nguvu atakayoimba kweli, sio ile ya "halo halo moja mbili", upange geini mpaka taa zikae sehemu salama. Kwenye miksa za dijitali watu wengi wanalenga kama desibeli 18 chini ya sifuri, za analogi unazungukia sifuri. Ukishaipanga usiishike tena shoo nzima. Kwenye miksa nyingi monita inachukuliwa kabla ya feda (kitelezi cha sauti inayokwenda kwa watazamaji) lakini baada ya geini, kwahiyo ukiongeza geini katikati ya wimbo ili watazamaji wasikie, umeongeza na monita zote bila kujua, ndo unashangaa ghafla inalia wakati "sijagusa monita".

Afu anza na monita moja, maiki moja, ikwalaiza yote katikati. Pandisha pole pole sana. Utasikia kabla ya kulia sauti inaanza kua na mkia, ukipiga kofi kuna kitu kinabaki kinalia kidogo. Simama hapo. Tambua masafa yake, shusha kitelezi hicho desibeli 3, pandisha tena. Cha pili, shusha 3. Cha tatu. Ukiona wanaanza kulia wawili watatu kwa pamoja, umefika mwisho wa hiyo monita, acha. Ukiendelea kushusha unakua unashusha sauti yote kwa njia ndefu. Kwangu mimi vitelezi vinne au vitano ndo kikomo, vikizidi hapo narudi jukwaani kutazama nini kimekaa vibaya.

Halafu lile jambo ambalo watu hawalifanyi: weka kiganja mbele ya maiki, simama pale mwimbaji atakaposimama, uso wako uwe kwenye maiki. Uso na mwili wa mtu vinarudisha sauti ya monita. Maiki ikiwa peke yake kwenye stendi ni tulivu, mtu akija inalia, na fundi anadhani ni bahati mbaya. Itafute ukiwa na mtu pale.

Kutambua masafa kwa sikio, mi nimejifunza kwa irabu zetu. Mluzi ukiwa kama mtu anasema uuu unaanzia kama 250 Hz, ooo uko 500 hivi, aaa uko jirani na 1 kHz, eee ni 2 kHz, iii ni 3 kHz kwenda juu, na ukiwa kama sss umepita 5. Sio kipimo cha maabara ila inakupeleka jirani, kitelezi cha kwanza au cha pili unakua umempata. Siku hizi simu zina programu za kuonesha masafa na zinasaidia sana, hasa ukiwa unaanza, ila jizoeze na sikio. Bendi ikiwa inapiga ile grafu imejaa kila kitu, sikio ndo linalojua kipi kimesimama.

Ukimaliza monita zote ndo ufanye spika kubwa. Na ukimaliza kila kitu shusha kama desibeli 6 kutoka pale palipoanza kulia. Hapo ndo juu yako kwa usiku huo.

#10

Asee hiyo ya irabu nimeijaribu sasa hivi na jenereta ya sauti kwenye simu, kweli kabisa. Swali langu, sisi mchana tunapima vizuri, usiku watu wakiingia inaanza kulia upya. Kwanini wakati nimesoma watu wananyonya sauti?

#11 – Mleta mada

Wananyonya kweli, hasa za juu, na mwangwi wa ukumbi unapungua. Lakini angalia vingine vinavyobadilika. Joto likitoka nyuzi 20 kwenda 30 kasi ya sauti inatoka kama mita 343 kwenda 349, masafa yanayopendelewa na ukumbi yanasogea kama asilimia 1.7, aliyekua 2000 Hz anakua 2035. Kama ulimkata kwa filta nyembamba sana, katoka pembeni yake. Ndo mana mi sikati nyembamba kupita kiasi.

Ila sababu kubwa ninayoiona mara nyingi ni kelele za bendi. Mchana mpiga dramu anagonga kwa adabu, usiku watu wakishangilia mkono unakua mzito, mpiga gita anaongeza ampu, mwimbaji hajisikii, fundi anaongeza monita kidogo, mpiga gita anaongeza tena. Baada ya saa moja kila mtu yuko desibeli kadhaa juu na ile akiba yako ya 6 imeliwa. Hapa ndo panahitaji kuongea na bendi kabla. Ampu ya gita iinuliwe au iinamishwe imtazame mpigaji masikioni, nyingi zinapiga miguuni kwake ndo mana anaongeza mpaka mstari wa mbele wa watazamaji wanaumia na yeye bado anaona ndogo. Dramu isikae nyuma tu ya mwimbaji mwenye sauti ndogo, maiki yake inatazama nyuma kule kule kwenye simbali, ukipandisha maiki umepandisha simbali.

Na angalieni kompresa (inayobana sauti ikizidi) kwenye monita. Ile ya kubana afu ikapandisha baadae, mwimbaji akinyamaza inaachia, geini inapanda yenyewe na mluzi unakuja katikati ya ubeti na ubeti. Kompresa ya mwimbaji iende kwa watazamaji, monita iachwe bila hiyo kama miksa inaruhusu.

#12

Gita langu la mbao lenye pikapu (kidude cha kunasa sauti yake) linavuma vuuuu chini huko kila tukianza, ikwalaiza ya 2k haisaidii chochote

#13 – Mleta mada

Haiwezi kusaidia mkuu, wewe shida yako iko chini. Boksi la gita lina hewa inayotikisika yenyewe kama 100 Hz hivi na ubao wa mbele unatikisika juu kidogo ya hapo, monita ikiusukuma gita lote linakua kipaza sauti. Ziba lile tundu la sauti kwa kizibo cha mpira, badili polariti (kugeuza wimbi, linapopanda lishuke) kama pikapu ina kitufe hicho, mara nyingine kitufe hicho peke yake kinamaliza, afu kata kwa ikwalaiza ya parametriki (unayochagua masafa mwenyewe) kati ya 100 na 250 Hz ukitafuta pole pole. Na usikae gita likitazamana na monita uso kwa uso, geuka kidogo.

#14

Niongezee kitu kwa faida ya wengi. Grateful Dead, bendi ya roki ya Marekani, mwaka 1974 walikua na mitambo yao iliyoitwa Wall of Sound, spika zote ziko nyuma ya bendi, hakuna monita, kila mtu anasikia kile kile wanachosikia watazamaji. Kwa maelezo ya mleta mada hapo ilitakiwa ilie vibaya mno. Walichofanya kila mwimbaji alikua na maiki mbili zimefungwa pamoja, moja polariti imegeuzwa. Sauti ya spika inafika zote mbili sawasawa zinafutana, mwimbaji anaimbia ya juu peke yake kwahiyo sauti yake inabaki.

#15 – Mleta mada

Safi sana, na ni ushahidi wa kile kile, hao watu tatizo walilimaliza kwenye maiki. Ila mwimbaji alitakiwa mdomo uwe umegusa maiki, akirudi nyuma kidogo na yeye anaanza kufutwa, na ikawa sauti za waimbaji zinatoka nyembamba.

Na kuna monita za kuvaa masikioni badala ya spika za jukwaani, zinafuta mzunguko wa monita wote, kwa mwenye uwezo aende huko. Wekeni limita tu (inayozuia sauti isipite kiwango), mana hitilafu yoyote inaingia moja kwa moja kwenye sikio la mtu.

#16

Wakuu mimi ni yule wa #2 wa monita mbili mbili. Jana tulikua na shoo. Tulitoa monita tatu, tukabaki na tatu, katikati mbele ya kila mtu, tumeziinua kwa vipande vya mbao, mikia ya maiki imeinamishwa. Fundi alikua anabisha ila akakubali kujaribu kwenye saundi cheki. Tumerudisha ikwalaiza katikati tukashusha vitelezi vitatu tu, 315, 1k na 2.5k. Wa pembeni wote wametulia shoo nzima. Wa katikati alilia mara mbili, zote akiwa amerudi nyuma kumcheka mpiga dramu na maiki imeshuka mkononi. Maiki mpya hatununui tena.

#17 – Mleta mada

Nimefurahi sana mkuu. Huyo wa katikati mwekee stendi hata kama anaimba kwa kushika, akitaka kurudi nyuma aiache pale. Na mwambie fundi aandike vile vitelezi vitatu na umbali wa monita kwenye daftari, mkirudi ukumbi ule ule mnaanzia hapo. Ukumbi mwingine mnaanza katikati upya.